Guka alipiga kura tatu mwaka 1957: je, alikuwa msaliti?

"Mwalimu, hujambo. Guka (babu) wangu alifariki akiwa na miaka 97. Baada ya matanga tulifungua sanduku lake la bati, tukakuta hati ya shamba, risiti za kodi, cheti cha shule, karatasi za kuachishwa KAR, jeshi la kikoloni, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne inayosema kwa Kiingereza kwamba yeye ni mtiifu kwa serikali. Cucu (nyanya) anasema hiyo ndiyo iliyompa guka kura mwaka 1957 alipokuwa mwalimu, na kwamba alikuwa na kura tatu, si moja. Binamu zangu ni wajukuu wa ndugu yake guka, ambaye wakati huo alikuwa kizuizini Manyani. Wanasema karatasi hiyo ni ushahidi kwamba guka aliuza watu na akawasaidia Wazungu kuiba uchaguzi. Kikao cha familia kilivunjika kwa makelele. Cucu anasema pia kwamba mjumbe wao alikuwa Mmeru, na mimi sielewi kwa sababu sisi ni watu wa Murang'a. Je, kweli kulikuwa na jimbo moja la uchaguzi lililoitwa Mkoa wa Kati? Liliishia wapi? Na karatasi hii inasema nini kuhusu guka?"

Sijambo, dada yangu, na poleni sana kwa msiba. Umeuliza maswali kadhaa, lakini nikisoma barua yako naona linalokukosesha usingizi ni moja tu: kama mzee mliyemzika kwa heshima alikuwa mtu mwingine kabisa. Nitafika hapo. Lazima nipitie kwanza jimbo lenyewe, maana karatasi mliyoikuta ilitengenezwa kwa ajili ya mahali fulani na wakati fulani, na ukiisoma nje ya hapo utaisoma vibaya, iwe kwa kumtetea guka au kwa kumhukumu.

Niseme mapema kwamba cucu yako ana kumbukumbu nzuri. Jimbo lilikuwepo, kura tatu zilikuwepo, na mjumbe alikuwa Mmeru.

Watu wengi hudhani Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Ukweli ni kwamba Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wazee wanaliita Legco, alikuwa Eliud Mathu mwaka 1944, na aliteuliwa na gavana. Kwa miaka 12 iliyofuata kila Mwafrika aliyekalia kiti pale aliingia kwa uteuzi. Machi 1957 ndipo Waafrika walipochagua wajumbe wao wenyewe, katika majimbo manane tu kwa nchi nzima. Tom Mboya alichukua Nairobi, Oginga Odinga Nyanza ya Kati, Masinde Muliro Nyanza ya Kaskazini, Lawrence Oguda Nyanza ya Kusini, Daniel arap Moi Bonde la Ufa, Ronald Ngala Pwani, na James Muimi Ukambani. La nane lilikuwa jimbo lenu, Mkoa wa Kati, na aliyelishinda ni Bernard Mate.

Kiti kimoja kwa Kiambu, Fort Hall, Nyeri, Embu, Meru na Thika. Fort Hall ndiyo Murang'a yenu. Leo kaunti ya Murang'a peke yake ina maeneo bunge saba. Wakati huohuo Wazungu wa Kenya, waliokuwa makumi ya maelfu tu, walikuwa na viti 14 vya kuchaguliwa, na Waafrika waliozidi milioni 5 walipewa vinane.

Hapo pia ndipo fumbo la Mmeru linapofumbuka. Ukisikia "Mkoa wa Kati" wewe unaona mkoa uliousoma shuleni: Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Nyandarua. Mkoa wa 1957 haukuwa huo. Meru na Embu zilikuwa ndani yake, na Kirinyaga ilikuwa bado kipande cha Embu. Mipaka ilipochorwa upya kuelekea uhuru, Meru na Embu zikapelekwa Mashariki, na mkoa mnaoukumbuka ninyi ukazaliwa hapo. Kwa hiyo Mmeru kuwa mjumbe wa mkoa ule hakukuwa ajabu kuliko mtu wa Kiambu kuwa mjumbe wake.

Sasa kura tatu. Binamu zako wakisikia neno hilo wanaona mtu akirudi kwenye foleni mara tatu huku karani akifumba macho. Haikuwa hivyo. Serikali ya kikoloni ilimtuma Walter Coutts kuchunguza namna ya kuwapa Waafrika kura, na mfumo uliotokana na kazi yake ulikataa wazi kanuni ya mtu mmoja kura moja. Kwanza ilibidi uwe na miaka 21. Kisha uwe na sifa angalau moja katika orodha ya sheria: elimu ya kiwango fulani, kipato cha pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500, utumishi wa muda mrefu serikalini au katika majeshi, nishani, na kadhalika. Sifa moja ilikupa kura moja. Ukiwa na zaidi ya moja kura zako ziliongezeka, hadi tatu, na hapo ndipo ukomo.

Hebu tulirudie sanduku la bati. Cheti cha shule kingeweza kumpa kura ya kwanza. Pauni 120 kwa mwaka zilikuwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwalimu aliyezifikia aliongezewa ya pili. Zile karatasi za KAR huenda ndizo zilizoleta ya tatu, kutegemea alitumikia muda gani. Jirani yake mkulima mwenye kishamba kidogo, aliyeishia darasa la pili na hajawahi kuandikwa kazi ya serikali, hakuwa na hata moja. Mfumo ulitaka sauti ya mwalimu iwe nzito mara tatu kuliko ya karani mdogo, na ya mkulima isisikike. Mimi nauita mfumo wa dhuluma na sitautafutia jina laini. Lakini dhuluma hiyo iliandikwa kwenye sheria na ikatumika katika majimbo yote manane. Kura tatu za guka ni za aina ileile iliyokuwa Kisumu na Mombasa. Hakuiba.

Tofauti ya Mkoa wa Kati ilikuwa kwenye karatasi ile iliyokunjwa mara nne.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 ili kuzima Mau Mau, uasi wa kiapo na silaha dhidi ya wakoloni. Mwaka uliofuata KAU, chama cha siasa cha Waafrika, kilipigwa marufuku. Mwaka 1955 serikali iliwaruhusu Waafrika kuunda vyama tena, vya wilaya tu, lakini Mkoa wa Kati ukanyimwa hata hivyo vya wilaya. Kilichoruhusiwa ni baraza la ushauri la watu walioitwa watiifu. Halafu likaja sharti la mwisho: Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa kupiga kura mpaka awe na cheti cha utiifu. Mjaluo hakuhitaji, Mgiriama hakuhitaji. Guka wako, hata angekuwa na shahada ya chuo kikuu na nishani kifuani, bila karatasi hiyo asingekuwa na kura.

Jaribu kuiona Machi ile mahali ilipokuwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, wiki tatu hivi kabla ya kura. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji vyenye mitaro na walinzi. Maelfu kwa maelfu walikuwa Manyani na kambi nyingine, na ndugu yake guka alikuwa mmoja wao. Jomo Kenyatta alikuwa kifungoni Lokitaung. Katikati ya hayo mtu mwenye cheti anatoka kijijini kwenda kupiga kura, na mama wa jirani ambaye mumewe yuko kizuizini anamwangalia akipita.

Kwa hiyo binamu zako wana hoja nzito, na ningeomba uanze kwa kuikubali mbele yao. Babu yao alinyimwa kura, na daftari la jimbo lile lilichujwa makusudi ili watu kama yeye wasiwemo. Nchi nzima walioandikishwa walikuwa kama 126,000, idadi ndogo mno, na katika wilaya za Wakikuyu chujio lilikuwa na matundu madogo kuliko kwingineko kote.

Wanapokosea ni pale wanapotaka karatasi iseme jambo ambalo haikuulizwa.

Cheti cha utiifu kilitolewa kwa watu wa namna nyingi. Homgadi, yaani mgambo wa serikali, aliyelinda kituo na kuchoma nyumba za jirani alikipata. Alikipata pia muumini wa kanisa aliyekataa kula kiapo chochote kwa sababu ya imani yake, na mwalimu au mfanyabiashara ambaye bila cheti asingeweza kusafiri, maana kilikuondolea vizuizi vya kutembea na ile kodi maalumu waliyotozwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wapo waliokula kiapo usiku na kuchukua cheti mchana, ili nyumba yao isiteketezwe na upande wowote. Na wapo walioamini kwa dhati kwamba Mau Mau ilikuwa njia mbaya na kwamba uhuru ungekuja kwa shule na kura. Kwenye karatasi wote hawa wanafanana. Inakuambia kwamba serikali ilimkubali guka. Haikuambii alifanya nini ili akubaliwe, wala moyoni alikuwa upande gani.

Dai kwamba aliwapigia kura Wazungu ni rahisi kulijibu: hakuweza. Kura zilitenganishwa kwa rangi. Wazungu walichagua Wazungu katika uchaguzi wao wa mwaka 1956, Wahindi na Waarabu walikuwa na viti vyao. Karatasi ya kura aliyoshika guka ilikuwa na majina ya Waafrika pekee. Na tazama kilichofuata: Bernard Mate, aliyechaguliwa na watu wenye vyeti vya utiifu, aliungana na wale wenzake saba, Odinga akiwa mwenyekiti wao na Mboya katibu, wakaikataa katiba ya Lyttelton ya mwaka 1954 iliyowaweka pale, wakakataa uwaziri, wakadai viti zaidi. Serikali ilichuja wapiga kura ikitarajia wajumbe wapole. Haikuwapata, hata kutoka jimbo ililolichuja kwa ukali kuliko yote. Nimekaa na historia hii kwa miaka mingi na jambo hilo bado linanigusa.

Kuna jambo lingine utakalosikia mkianza kuulizia, na nataka ulisikie kwangu kwanza. Eliud Mathu mwenyewe aligombea Mkoa wa Kati akashindwa na Mate. Maelezo ya kawaida ni kwamba alishindwa kwa sababu Meru, ambako Mau Mau haikuenea kama Kiambu au Nyeri, ilikuwa na wenye vyeti wengi kwa uwiano wa watu wake, hivyo Wameru wakamchagua wao. Hesabu hiyo ina ukweli na siikatai. Lakini watu huifanya kuwa maelezo yote, na baadhi huitumia hadi leo kuchochea maneno baina ya Wakikuyu na Wameru. Angalia majimbo mengine. B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri, aliangushwa na Odinga. W. W. W. Awori aliangushwa na Muliro. Kule hakukuwa na cheti cha utiifu wala Mmeru. Walioteuliwa na gavana walikuwa wamechokwa karibu kila mahali; Moi ni miongoni mwa wachache waliosalimika. Na mwaka uliofuata, Mathu alipojaribu tena katika sehemu ya kusini ya mkoa, ambako Meru haikuwamo, alishindwa na Julius Gikonyo Kiano, kijana wa Murang'a aliyekuwa amerudi kutoka Marekani na shahada ya uzamivu. Kwa maoni yangu Mathu aliangushwa na miaka 12 ya kuwa mteule wa gavana, jambo lililomfunika licha ya kazi kubwa aliyoifanya akiwa peke yake katika baraza lile.

Hapo nimekwisha kugusa swali la jimbo liliishia wapi. Liliishi mwaka mmoja tu katika umbo lile. Mwaka 1958 viti vya Waafrika viliongezwa kutoka 8 hadi 14, sawa na vya Wazungu, na Mkoa wa Kati ukagawanywa: Kiano akachukua kusini, Jeremiah Nyagah akachukua Nyeri na Embu, na Mate akabaki na upande wa Meru. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa, wajumbe wakaenda kujadili katiba mpya Lancaster House, London, na uchaguzi wa Februari 1961 ukafanywa kwa masharti mapya. Kura tatu ziliisha, kila mtu akawa na moja. Ilitosha kujua kusoma na kuandika lugha yako, au kuzidi miaka 40, au kuwa na kipato cha pauni 75. Cheti cha utiifu hakikuulizwa tena. Babu wa binamu zako, kama alikuwa ameachiliwa, inawezekana sana alipiga kura yake ya kwanza siku hiyo, akiwa na uzito sawa na ndugu yake. Waulize wazee wenu kama wanaikumbuka. Januari 1962 Kariuki Njiiri aliachia kiti chake cha Fort Hall ili Kenyatta, aliyekuwa ameachiliwa Agosti iliyotangulia, aingie Legco. Yaani katika wilaya yenu, miaka mitano haikutimia tangu daftari lililowafungia nje wafuasi wa Kenyatta hadi Kenyatta mwenyewe kuwa mjumbe wake. Mwaka 1963 kila mtu mzima alipiga kura, nchi ikiwa na majimbo 117, na jina la Mkoa wa Kati likabaki la utawala tu mpaka mikoa yote ilipovunjwa mwaka 2013.

Turudi kwa guka. Kwa ulichoniandikia siwezi kumtakasa na siwezi kumtia hatiani, na nakuomba usimwamini mtu yeyote atakayefanya mojawapo kwa kuangalia karatasi moja. Mnaweza kuliacha jambo lilivyo, na zipo familia zilizochagua hivyo kwa amani. Mkitaka kujua zaidi, anzeni na cucu angali hai. Msimuulize kama guka alikuwa msaliti. Muulizeni vitu vinavyoshikika: alifundisha shule gani wakati wa hali ya hatari, alilala kijijini au kituoni, aliwahi kubeba bunduki au mkuki wa homgadi, nani alimwandikia cheti, nani alilima shamba la ndugu yake alipokuwa Manyani na chakula cha wale watoto kilitoka wapi. Hilo la mwisho mara nyingi hufungua mlango, kwa maana nyingi za chuki hizi hazikuanzia kwenye kura. Zilianzia kwenye shamba na watoto walioachwa. Kaa naye mmoja au wawili tu, si kikao kizima. Akianza kutetemeka au kunyamaza, acheni siku hiyo. Wanawake wa vijiji vile walipitia mambo ambayo wengi hawajayasema kwa wajukuu, na kama usiku hapati usingizi baada ya mazungumzo, mpelekeni kwa mshauri nasaha au mhudumu wa afya anayejua lugha yake.

Kisha nendeni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ana kwa ana. Mwambieni mhudumu mnatafuta mafaili ya wilaya ya Fort Hall ya miaka 1953 hadi 1958, kwa sababu mkiomba "Murang'a" mnaweza kuambiwa hakuna. Andikeni jina la guka kwa kila namna ambayo karani asiyejua Kikuyu angeliandika, pamoja na lokesheni na jina la chifu wake. Sehemu nyingine ya nyaraka za wakati ule ilisafirishwa Uingereza kabla ya uhuru, ikaja kujulikana hadharani mwaka 2011 wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya huko. Sasa iko katika hifadhi ya taifa ya Kew, London, na mwenye jamaa kule anaweza kumtuma. Mnaweza kupata jina lake kwenye orodha fulani. Mnaweza pia kukuta jambo ambalo mngependa lisiwepo, na hilo mkubaliane kabla ya kwenda, ninyi na binamu zenu pamoja. Ningefurahi zaidi mkienda pamoja.

Kuhusu ile hati ya shamba: ikiwa ugomvi huu una mpaka wa ardhi ndani yake, historia yangu haitoshi. Mtafuteni wakili na mfanye utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi. Wakati wa hali ya hatari mashamba mengi ya Mkoa wa Kati yaliunganishwa na kupimwa upya wenyewe wakiwa kizuizini, na ndugu waliotoka kambini walikuta mipaka imehama. Cheti cha utiifu si hati ya kumiliki ardhi wala si ushahidi wa kunyang'anya. Kama malalamiko ni hayo, yatatuliwe kwa kumbukumbu za shamba lenyewe, na mapema, kabla ya kesi ya urithi kufunguliwa.

Na hiyo karatasi, msiipeleke kutiwa plastiki ya moto. Msiibandike gundi kwenye mikunjo. Inyoosheni polepole kwa mkono mkavu, muipige picha pande zote mbili, muiweke ndani ya karatasi nyeupe safi kati ya kadibodi mbili, mbali na jua na moshi wa jikoni. Binamu zako wapeni nakala ya picha hiyo. Na kama wao wana kipande cha karatasi kutoka Manyani, waombeni nakala yake, mziweke katika sanduku lilelile.